Shela lichaguliwe nje ya duka

Mhariri, wiki hii mmeuliza: bibi harusi achague vipi shela linaloendana na gauni lake? Swali limenigusa, kwa sababu wasichana wengi hapa Nairobi wanalijibu kwa kutazama gauni peke yake, kisha wanalia siku mbili kabla ya harusi. Kuna nywele, kuna kanisa, kuna mwanga. Mimi ni mtu wa shela fupi, la kiwikoni, na nina sababu.

Nilimsindikiza binti wa kaka yangu Biashara Street. Gauni alikuwa ameshalikodi, tukawa tumelibeba: satini tupu ya rangi ya aivori, mabega wazi, mkia mfupi. Tukaingia duka la ghorofani lenye taa za tyubu kila mahali. Muuzaji akamvisha shela jeupe la kuburuta chini, lenye lesi ya upana wa kiganja ukingoni. Mle ndani rangi zilikubaliana. Mama yake akapiga kigelegele, akatoa simu alipe kwa M-Pesa.

Nikaomba tutoke nalo kwenye baraza. Muuzaji hakupendezwa. "Mama, nyeupe ni nyeupe tu." Tukatoka hivyo hivyo. Juani shela likawa jeupe la kukaribia bluu, na gauni, palepale, likaonekana kama limelowekwa kwenye chai ya rangi. Neti nyingi nyeupe za viwandani, yaani kile kitambaa chepesi cha kushonea shela, zimetiwa dawa ya kung'arisha, nayo huamka kwenye mwanga wa jua. Binti aliushika ukingo wa shela, akaulaza juu ya satini kifuani, akauondoa, akaulaza tena. Mama yake akairudisha simu mkobani.

Tuliporudi ndani yule muuzaji alitusaidia sana, lazima niseme. Alishusha kutoka rafu ya juu neti za aivori, moja ina unjano kidogo, nyingine ina uwaridi, tukazipeleka zote juani. Ya unjano ikakubali. Ndipo likaja la nywele. Mtoto wetu ana nywele fupi za asili, na anazipenda. Kichana cha shela kinataka fundo la nywele kikae chini yake. Mwenye rasta au nywele za kusuka anapata pa kukichomeka. Kwake kiliteleza, neti yote ikamwangukia mgongoni. Muuzaji akataja wigi, mama yake akaunga mkono. Binti akasema taratibu, "Mama, ananioa na kichwa hiki."

Fundi mmoja wa River Road alitutatulia: alikitoa kichana, akaishona neti kwenye ukanda mwembamba wa kichwa uliofunikwa satini ileile. Ukanda haukuteleza hata alipoinama kutia sahihi cheti.

Sasa, hilo la gauni mliloniuliza. Gauni lenye shanga na lesi tele linataka neti tupu. Ukingo wa shela usikomee pale pale gauni linapobana kiunoni, maana unamkata mtu vipande viwili. Gauni tupu ndilo linaloweza kubeba shela lenye kazi ya nakshi. Mtakumbuka Meghan Markle alipoolewa na Prince Harry wa Uingereza mwaka 2018: gauni halikuwa na nakshi yoyote, na shela lake la mita 5 likadariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola, la Kenya likiwemo.

Lakini yule alikuwa Windsor ya Uingereza, na watoto wa kumshikia nyuma. Hapa kwetu ukitoka kanisani unakwenda kupigwa picha Arboretum, kisha bustani ya Kiambu Road. Matope ya Aprili na vumbi la Februari vyote vinapanda kwenye neti. Ndiyo maana nasema fupi.

Ila nikiandika haya namkumbuka binti wetu akiingia kanisani, kwa sababu alikataa ushauri wangu akachukua refu, neti tupu isiyo na lesi. Njia ya katikati ni ndefu, na gauni lile tupu, kwa nyuma, lisingekuwa na la kutazamwa. Neti ndiyo iliyomjaza. Shangazi zake wote tulisimama.

Kwa hiyo jibu langu: gauni likiwa tupu na kanisa likiwa kubwa, chukua refu, mradi liwe la kuvuliwa mara baada ya ibada, na msimamizi mmoja apewe kazi hiyo na si nyingine. La kufunika uso ni hiari yako, ila muulize padre au mchungaji mapema. Anayefunga ndoa bustanini, au kwa msajili pale Sheria House, abaki na la kiwikoni. Na muuzaji akikataa kulitoa nje, maduka ya Biashara Street ni mengi.