Mwalimu, x ikikaa kwenye sehemu nachanganyikiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nasoma kidato cha pili huku Ujiji, Kigoma. Hesabu za x za kawaida naziweza ila ikishaingia kwenye sehemu tu, basi. Mfano x/3 + 2 = 7 napata 19, kitabu kinasema 15. Alafu ikikaa chini kabisa, kama 12/(x − 1) = 3, hata pa kuanzia sijui. Naomba unisaidie, mtihani umekaribia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 19 naona kabisa ilikotoka, umezidisha kwa 3 ili uiondoe asili, yaani namba ya chini ya sehemu, x/3 ikawa x, 7 ikawa 21, ila ile 2 ukaiacha vilevile ukabaki na x + 2 = 21. Ukizidisha unazidisha kila kilichopo pande zote mbili, hata kisicho na mstari wa sehemu, kwa hiyo 2 inakuwa 6, x + 6 = 21, x ni 15. Na jibu lirudishe kwenye swali kila mara: 15 gawa kwa 3 ni 5, jumlisha 2 ni 7, imekubali. 19 ukiirudisha inakataa palepale.

Sasa x ya chini. Lita 12 za mawese wamegawana watu, kila mmoja kapata lita 3, watu wangapi? Wanne, umejibu bila kanuni. Hao watu wameandikwa x − 1, basi x − 1 = 4, x ni 5. Kwa kalamu unazidisha pande zote kwa (x − 1), na mabano uyaweke jamani, yanaangusha wengi sana: 12 = 3(x − 1), 12 = 3x − 3, 15 = 3x, x = 5.

Ila kabla hujaanza andika pembeni "x isiwe 1", maana hapo asili inakuwa sifuri na kugawa kwa sifuri hakuna. Angalia x/(x − 1) = 1/(x − 1), ukiondoa asili unapata x = 1 fasta unafurahi, kumbe ndo namba uliyoikataza mwenyewe, mlinganyo huo hauna jibu kabisa.

Sehemu zikiwa mbili upande mmoja, kama x/4 + x/6 = 5, usikimbilie krosi, yaani kuzidisha kimshazari, tumia KDS (kigawe kidogo cha shirika) ileile ya shule ya msingi, hapa ni 12, zidisha kila kitu kwa hiyo: 3x + 2x = 60, x = 12.

Fanya na hii leo: 20/(x + 2) + 1 = 6. Nitumie na njia, sio jibu peke yake.