Mume Wangu Mgeni Ameichoka Dar

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tabata na nimeolewa na Mjerumani, ambaye niliishi naye kwao Hamburg kwa miaka sita kabla hatujahamia Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka jana. Miezi ya kwanza alikuwa mwenye furaha tele, na kila Jumapili alitaka twende Coco Beach kula mihogo na mishkaki. Sasa amebadilika. Umeme ukikatika anafura utadhani ni mimi niliyeuzima, bei anazotajiwa sokoni anaziita wizi, na kila kadi ya mchango wa harusi inayoletwa nyumbani huzua ugomvi kwa kuwa anaamini ndugu zangu wamemfanya benki. Mwezi uliopita aliniuliza kwa nini kiwanja cha Kigamboni, tulichokinunua kwa fedha zetu sote wawili, kimeandikwa jina langu peke yangu, nikakosa jibu la kumridhisha. Nimejitahidi kumpunguzia adha: namfanyia manunuzi yote, nazungumza na mafundi na mwenye nyumba kwa niaba yake, na akitaka kutoka namwitia teksi. Pamoja na hayo yote ameanza kutaja kurudi kwao. Kaka yangu, ambaye ana gereji Buguruni, anataka amchukue akamsaidie bila mshahara ili asishinde bure nyumbani, maana huko kwao alikuwa fundi mitambo, ila hapa anaishi kwa pasi ya mtegemezi. Nimekosea wapi?

Mke wa Mgeni, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa hofu kwamba mumeo amekuchoka wewe. Yanayompata yaliwapata wengi kabla yake, na mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, aliyaeleza katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro, akayalinganisha na maradhi yanayowapata watu waliohamishiwa ghafla ugenini. Alisema kwamba mgeni huanza na kipindi cha fungate, ambapo kila kitu kinampendeza, kisha huingia kipindi cha hasira, ambapo huwalaumu wenyeji kwa kila dogo na kutafuta wageni wenzake wa kulalamika nao. Wanaovuka hapo, kwa maelezo yake, huvuka kwa kuwafahamu wenyeji, na kuwafahamu wenyeji bila lugha yao ni jambo lisilowezekana. Fungate ya mumeo ilikuwa ile ya Coco Beach, na sasa yumo katika hasira.

Umeuliza umekosea wapi, nami nitakujibu bila kuzunguka: umemkinga mno. Mtu mzima aliyekuwa akifungua na kufunga mitambo kwa mikono yake sasa anasubiri mkewe amnunulie nyanya na kumwitia teksi. Huko Hamburg alijua, bila hata kufikiri, basi linapita wapi, fundi analipwa vipi na jirani anasalimiwa namna gani, na ujuzi huo wote ulikwisha thamani siku mliposhuka uwanja wa ndege. Badala ya kumwacha ajipatie ujuzi mwingine, wewe umesimama mlangoni na kupokea kila kitu kwa niaba yake. Hasira yake juu ya umeme ni ya kweli, nami pia hukasirika unapokatika katikati ya kupiga pasi, lakini mimi nina jirani wa kumwuliza kama kwake umekatika pia, na mumeo hana.

Kwa hiyo mkabidhi mambo. LUKU iwe yake: anunue mwenyewe kwa simu, aingize mwenyewe zile tarakimu 20 kwenye mita, na zikikataa agonge kwa jirani kuuliza. Safari za Kariakoo apande daladala. Akae siti ya karibu na mlango, nauli aishike mkononi, na kabla ya kituo chake aseme "shusha" kwa sauti ya kumfikia konda, ambaye atagonga bodi na gari litasimama. Mara ya kwanza atasema kwa sauti ya chini na kupitishwa kituo, kisha atarudi kwa miguu akiwa amelowa jasho na amenuna. Usimpigie simu kumwuliza amefika wapi.

Kuhusu bei, hapo ana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu ngozi yake hupandishiwa bei na sioni sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo, muuza mitumba wa Karume akikutajia bei ya kwanza hategemei kulipwa hiyo hata na mimi niliyezaliwa Ilala. Dawa ninayoijua ni kuchagua genge moja la karibu na nyumbani na kulizoea. Aende mwenyewe asubuhi, asalimie, aulize hali ya watoto, anunue vitunguu na fungu la nyanya, kesho tena, na kesho kutwa. Haitapita muda mrefu mama wa genge atamwongezea fungu la mchicha bila kuombwa na kumkopesha siku asiyokuwa na chenji, na mtu anayekopeshwa mtaani huyo si mpita njia tena. Kiswahili kingine akakisome darasani, kwa mfano katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wageni hufundishwa. Wewe usiwe mwalimu wake, kwani mke anayemsahihisha mumewe ngeli za nomino kila jioni anajitafutia ugomvi mwingine.

Suala la michango linahitaji maelezo ambayo nahisi hukuwahi kumpa, kwa kuwa kwako ni jambo la kawaida mno. Yeye anaona kadi inaingia na fedha zinatoka. Haoni daftari la kamati, ambamo jina lenu limeandikwa, wala hajui kwamba siku mtakapokuwa na harusi au msiba ninyi, waliochangiwa watarudi, na asiyerudi atasemwa. Mwoneshe michango uliyopokea wakati wa harusi yenu, jina kwa jina, kama bado unayo. Baada ya hapo wekeni kiwango cha mwezi cha michango na rambirambi, kisizidi kile anachotoa kaka yako mwenye kipato kama chenu, na ahadi zote zitoke kwa jina la familia. Ndugu atakayekwenda kumwomba mumeo kando, bila wewe kujua, umkanye wewe, tena waziwazi. Hilo ndilo eneo pekee ambalo ningependa uendelee kumkinga.

Kiwanja nacho kina jibu la moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo hata mngetaka, jina lake lisingeweza kuandikwa kwenye kiwanja cha nyumba yenu ya kuishi. Kumwambia "ndivyo ilivyo" hakutoshi kwa mtu aliyetoa fedha zake. Nendeni wote wawili kwa wakili, yeye ndiye aulize maswali, na mchango wake uwekwe kwenye maandishi kwa namna ambayo wakili ataona inafaa. Mkihifadhi pia risiti za malipo yaliyotoka kwake, atalala usingizi mzuri zaidi.

Mwisho ni gereji, ambayo nia yake ni njema lakini inaweza kuwaingiza matatani. Pasi ya mtegemezi humruhusu kuishi nawe, haimruhusu kufanya kazi, na kukosekana kwa mshahara hakubadilishi jambo hilo, kwani hata kazi ya kujitolea huhitaji kibali. Mgeni anayeajiriwa huhitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, pamoja na kibali cha ukaazi cha Daraja B, na anayetaka kufungua shughuli yake mwenyewe huingia katika Daraja A. Maofisa wakimkuta Buguruni akiwa chini ya gari na spana mkononi, kaka yako naye atakuwa na maswali ya kujibu. Hata hivyo mtu mwenye mikono kama yake hafai kukaa bure, na ninadhani uvivu huu wa kulazimishwa unamtesa kuliko joto. Mpeleke ofisi za Uhamiaji, Kurasini, kisha wewe keti kwenye benchi na umwache yeye aende dirishani kuuliza.