Punda mwenye mimba na dawa ya kupe ya ng'ombe

SWALI: Shikamoo Daktari. Tunaishi Muheza kwenye shamba la familia la michungwa, na tuna punda majike wawili na dume mmoja wanaobeba machungwa hadi barabarani wakati wa msimu. Jike mmoja ana mimba inayokaribia mwaka na kiwele chake kimeanza kujaa. Kupe wamemjaa masikioni na chini ya mkia. Muuza dawa wa gulioni ametuuzia amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, akasema tutumie nusu ya kipimo kwa kuwa punda ni mdogo. Ameshauri pia kwamba mwanapunda akizaliwa tukamue dang'a la siku ya kwanza na kulimwaga, kwa sababu linaharisha. Je, hiyo nusu ni mililita ngapi kwa ndoo ya lita 20?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kipimo cha amitrazi kinachomfaa punda hakipo, kiwe nusu au robo. Ifunge chupa hiyo, iweke mahali ambapo watoto hawafiki, na usimpake punda wako hata tone moja. Swali hili nimeulizwa Korogwe, Pangani na Mkinga, kwa maneno tofauti lakini kwa dhana ile ile, kwamba punda ni ng'ombe aliyepungua mwili na kwa hiyo dawa ya ng'ombe ikipunguzwa itamfaa. Punda ni wa jamii ya farasi, na tumbo lake linafanya kazi kwa njia nyingine kabisa.

Ng'ombe huchachusha nyasi katika tumbo kubwa la mbele, akacheua na kutoa gesi kwa kinywa. Punda huchachusha chakula nyuma, katika utumbo mpana. Hacheui, hawezi kutapika, na uhai wake unategemea utumbo huo usiache kusukuma. Amitrazi ikipenya kwenye ngozi yake hudhoofisha mwendo wa utumbo hadi ukakaribia kusimama, maji yakaendelea kunyonywa, na chakula kilichobaki ndani kikakauka na kuziba njia. Ndiyo maana vibandiko vingi vya dawa hii huonya isitumike kwa farasi. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo, aghalabu kwa Kiingereza, na mtu anayepima dawa kwa kizibo cha soda hajawahi kulisoma.

Niliwahi kuitwa katika boma moja nje kidogo ya Pongwe kumwangalia punda jike mwenye mimba. Nilimkuta amesimama chini ya mfenesi, kichwa kimeinama, na pumba iliyowekwa mbele yake haijaguswa. Mwenyewe alinihakikishia kwamba mnyama ametulia tu, kwa kuwa hakuwa akigaragara wala kupiga mateke. Nilimwekea sikio ubavuni. Tumbo la punda mzima hunguruma mara kwa mara, kama sufuria ya maharage inayotokota chumba cha pili, lakini la huyu lilikuwa kimya kwa dakika nzima, upande wa kulia na upande wa kushoto. Manyoya ya mgongoni bado yalinuka dawa aliyoogeshwa juzi yake. Tulihangaika naye siku mbili, tukimpa maji kwa mpira uliopitishwa puani, na alfajiri ya siku ya tatu akafa na mtoto wake tumboni. Aliyemuuzia mwenye boma dawa ile alikuwa amekwishahamia gulio jingine.

Nataka uikumbuke picha hiyo ya punda aliyesimama kimya, kwa sababu punda huficha maumivu kuliko farasi, na punda mwenye mimba ambaye hajala tangu jana ni mgonjwa wa kuitiwa daktari leo. Akiacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta uliyoyahifadhi na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Udhaifu huu punda anao pamoja na farasi wale wafupi wa asili ya Shetland, na huwapata zaidi majike wanene walio katika miezi ya mwisho ya mimba. Ukimtoa damu mnyama wa namna hiyo na kuiacha itulie katika chupa ya kioo, sehemu ya juu ambayo ingekuwa maji maangavu huwa nyeupe kama tui la nazi. Kwa hiyo anayekuambia umnyime jike chakula ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi anakuelekeza kwenye kaburi la wote wawili. Mpe nyasi nzuri na maji safi kila siku, na katika wiki hizi usimbebeshe machungwa.

Kuhusu kupe wenyewe, wale wa masikioni na chini ya mkia waondoe kwa mkono. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya, kisha umtumbukize katika kopo lenye mafuta ya taa. Kazi hiyo ni ya subira, lakini kwa punda mmoja inamalizika asubuhi moja. Ikibidi dawa itumike, daktari wa mifugo wa kata yako atakuchagulia ya jamii ya pairethroidi, kama vile deltamethrini, ambayo punda huistahimili ikitumika kwa kipimo chake, na ambayo husaidia pia kuwazuia mbung'o. Isipakwe kwenye kiwele wala chuchu, kwa kuwa mtoto atanyonya hapo.

Sasa nije kwenye dang'a, ambalo limenikasirisha kuliko hata ile amitrazi. Mwanapunda hapati kinga yoyote ya maana kupitia kondo la mama yake. Huzaliwa mtupu, na kinga yote ya wiki zake za mwanzo imo katika maziwa yale mazito ya manjano yanayonata vidoleni. Utumbo wake huipokea kinga hiyo vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo, kisha mlango unaendelea kujifunga, na kufikia saa 24 umefungwa. Ukimwaga dang'a la siku ya kwanza umemwaga kinga yote, na maziwa ya kesho hayawezi kuirudisha. Kuharisha ambako watu husingizia dang'a mara nyingi ni kule kwa kati ya siku ya 6 na ya 14, wakati mama anaporudi kwenye joto la kutaka dume, na mtoto anayeendelea kunyonya na kucheza hupona mwenyewe bila dawa.

Mwanapunda mzima husimama ndani ya saa 1 hivi, hunyonya ndani ya saa 2, na kondo la nyuma hutoka ndani ya saa 3. Likichelewa zaidi usilivute wala usilifungie jiwe, mwite daktari. Kitovu kichovye katika klorheksidini au iodini iliyozimuliwa, na majivu ya jikoni yabaki jikoni. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kuona hatari iliyopo hapo ilipouita ugonjwa ule pepopunda, kwa kuwa farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa kwa urahisi sana na vijidudu vyake, na kitovu kibichi ni mlango wao. Chanjo ya mama hutolewa kama mwezi mmoja kabla ya kuzaa ili kinga ipite kwenye dang'a. Kwa kuwa kiwele kimeshaanza kujaa, muulize daktari wiki hii kama bado kuna nafasi, au kama mtoto apewe sindano ya kinga mara atakapozaliwa.

Ninyi wengine mnaosoma jibu hili, angalieni pia stoo zenu. Chakula cha kuku kilichotiwa monensini au salinomaisini ya kuzuia koksidia, vijidudu vya kuharisha kwa kuku, huua misuli ya moyo wa punda kwa kiasi ambacho kuku hakimdhuru, na nimeona watu wakiwapa punda mabaki ya gunia hilo kwa nia njema kabisa. Ile sindano ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, inayotokana na unga wa manjano nayo si ya kukadiria kwa macho: punda huvimba vibaya mahali palipodungwa, na hastahimili kuzidishiwa. Damu ipimwe kwanza, uzito ukadiriwe kwa futi kamba ya fundi cherehani kifuani, ndipo daktari atoe kipimo kwa kilo. Na pale mambo yanapokuwa yamekwisha kuharibika, msiifiche chupa kwa aibu, kama nilivyofichwa mimi kule Pongwe hadi jioni ya siku ya kwanza. Nionyesheni chupa ile ile, hata kama ni tupu, ili nijue ninapambana na nini.