Mbona tamthilia za siku hizi zinampoteza mama?

SWALI: Mama akikosa tamthilia siku moja tu, anapotea kabisa. Zamani kila kipindi kilikuwa na kisa chake kikaisha. Nini kimebadilika? Msomaji, Mbagala.

JIBU: Zamani kipindi kilirushwa mara moja kwa wiki, ukikikosa, umekikosa. Ndiyo maana waandishi walikimalizia kisa humo humo. Nchini Marekani, tamthilia ya polisi Hill Street Blues (1981) ilisuka visa kadhaa vikavuka kipindi hadi kipindi. Kisha zikaja kanda za video, DVD na intaneti, mtazamaji akaweza kurudia, na mwandishi akapata ujasiri wa kuficha jambo leo alifichue baada ya vipindi 10.

Mama hajazeeka akili. Anatazama kwa kanuni za zamani, basi.

Mwambie aangalie mikono kuliko midomo. Mke anasukuma simu chini ya kitenge mume anapoingia. Kamera inabaki pale sekunde mbili zaidi ya inavyohitajika. Hiyo ni ahadi: simu itarudi. Anayechota chai wakati huo ndiye anayepotea.

Vipindi viwili vya kwanza avitazame bila kazi nyingine, na kwa kila mhusika mkuu ajiulize: anataka nini, nani anamzuia, anaficha nini? Wahusika wanne wanatosha, wengine watajileta. Rangi ya picha ikififia ghafla, mara nyingi tumerudishwa nyuma miaka kadhaa. Na asiruke muhtasari wa mwanzo: humo huwekwa vile vipande vinavyohitajika usiku huo.