Dada, usimpake mtoto mafuta hayo ya karafuu kwenye fizi

Dada mleta uzi, kabla hujaendelea kusoma, hicho kichupa kiweke juu ya kabati, mahali ambapo hata ukipanda kiti unakifikia kwa shida. Umeuliza mengi, meno ya mtoto, jino la mumeo, nywele, mbu, lakini mimi nimeganda pale ulipoandika kwamba mtoto ana miezi minane, usiku halali kwa kuota meno, na muuza dawa za asili Kariakoo kakwambia umdondoshee tone moja kwenye fizi. Usimdondoshee. Hata nusu tone.

Nami niliambiwa hivyohivyo, tena kwa sauti ya upole: "Hii ni asili tupu kaka, haina madhara, bibi zetu wote wametumia." Jioni nikampaka binti yetu. Alipiga yowe mpaka jirani akaja kugonga mlango. Usiku fizi ikabadilika rangi, ikawa nyeupe, na kulipokucha ikaanza kuchunika. Kidevuni, udenda ulikoteremka na yale mafuta, pakabaki mstari mwekundu. Ziwa akalikataa, uji akaukataa, mpaka tukaishia hospitali kuwekewa dripu. Daktari alikinusa kichupa, akauliza swali moja tu: "Amemeza kiasi gani?" Kumbe kuungua fizi ndiyo ilikuwa nafuu yetu.

Kitu kinachotia ganzi kwenye karafuu kinaitwa eujenoli. Kwenye mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke, mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya kilichomo. Madaktari wameshaandika habari za watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wakapata degedege, wakapoteza fahamu, ini likagoma kufanya kazi. Sasa geuza kichupa chako usome: vingi vinavyouzwa ni vya mililita 10. Chote kinaingia tumboni mwa mtoto huku wewe umekwenda kufunga geti.

Na huyo anayesema "bibi zetu walitumia" ndiye ananitia hasira mpaka leo, kwa sababu bibi zetu hawakutumia hicho. Walitafuna karafuu kavu, au waliziloweka kwenye mafuta ya nazi. Mafuta ya mvuke, kama yale yanayokamuliwa kwa mtambo kule Wawi, Pemba, yanatokana na magunia ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na majani yaliyochemshwa, na nguvu yote imebanwa kwenye chupa moja. Vitu viwili tofauti kabisa, lakini dukani vyote vinaitwa "mafuta ya karafuu", na muuzaji anayekupimia anajua au hajui, pesa yake ni ileile.

Kama hujui ulichonacho, dondosha matone machache kwenye glasi ya maji uyasukume kidogo kwa kijiti. Ya mvuke ni mazito kuliko maji, yanazama. Ya kulowekwa kwenye nazi yanaelea. Yakielea usifurahi ukampaka mtoto, maana wapo wanaochanganya. Hiyo ni ya kukusaidia kujua tu una nini mkononi.

Kanuni yangu ni hii: mafuta ya karafuu ya mvuke hayamgusi mtoto mdogo popote, na mtu mzima hayamgusi kabla hayajachanganywa. Kwa ngozi, tone 1 ndani ya vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi, karibu nusu ya asilimia, na ujaribu kwanza ndani ya kiwiko. Mumeo mwenye jino bovu achovye ncha ya pamba kwenye mchanganyiko huo, aguse jino lenyewe, fizi aiache, ateme na asimeze. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mafuta haya asiyaguse kabisa mpaka azungumze na daktari. Na ajue kwamba ganzi haizibi tundu. Daktari wa meno naye anatumia eujenoli, ila anaichanganya na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda, na anajua anachofanya.

Mtoto wako mpe kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi atafune, au msugue fizi kwa kidole ulichonawa vizuri. Akiwa na homa kali au anaharisha, usikubali mtu akwambie ni meno, mpeleke akapimwe.

Akimeza hayo mafuta, usimtapishe. Mfute mdomo, beba na kichupa chenyewe, mwende hospitali hapohapo bila kusubiri dalili. Yakimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali pia. Na kama ulishampaka kabla ya kusoma hapa, niambie fizi zikoje sasa na kama ananyonya.