Jibu: Mwingereza kuoa binti wa mwasi, wasomaji hawaamini

Salama ndugu. Umekwama kwenye hadithi yako kwa sababu wasomaji hawaamini kwamba mtu mzito wa Kiingereza angehamia upande wa Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales dhidi ya mfalme wa Uingereza, kwa mapenzi tu. Nami nilikwamia hapohapo kwenye hadithi yangu, nikafuta sura nzima.

Kabla ya kugusa mapenzi, angalia fidia. Edmund Mortimer, huyo Mwingereza wako, alitekwa na watu wa Owain kwenye vita vya Bryn Glas, Wales, Juni 1402. Mwaka huohuo Mfalme Henry IV aliruhusu Reginald Grey, bwana mwingine wa Kiingereza aliyetekwa na Owain, akombolewe kwa marki 10,000 (kipimo cha fedha cha wakati huo), lakini Mortimer akaachwa kifungoni. Mpwa wa Mortimer alikuwa na dai la kiti cha ufalme, kwa hiyo mfalme hakuwa na haraka naye. Anza na hilo jeraha. Mtu anasubiri habari kutoka kwao, miezi inapita, kimya. Novemba akamwoa Catrin, binti wa Owain, na Desemba akawaandikia watu wake kwamba sasa yuko na Owain. Msomaji akishaona ametupwa na mfalme wake, ndoa itaaminika, na mapenzi utayaandika kwa uhuru.

Halafu, nakuomba sana, Catrin usimwache awe zawadi ya vita. Mumewe alifia kwenye ngome ya Harlech, Wales, ikiwa imezingirwa. Ilipoanguka mwaka 1409, yeye na watoto wake walipelekwa kufungwa London, na kufikia mwisho wa 1413 alikuwa ameshazikwa huko. Mimi ningeifungua hadithi hapo Harlech, mama amembeba mtoto, akishuka lango lile.