Shokapu za Bilstein: B6 au B8 kwa Mazda MX-5 yenye springi fupi?

Funga B8. Bilstein wanatengeneza B6 kwa springi za kiwandani. B8 ni fupi, maalumu kwa gari lililoshushwa. Ukiweka springi fupi kwenye B6, fimbo ya shokapu inabaki imezama muda wote, na tuta dogo tu linaifikisha kwenye mpira wa kizuizi. Hapo gari linadunda katikati ya kona badala ya kung'ang'ania lami. Springi zikibaki za kiwandani, B6 inatosha kabisa, na mimi ningeishia hapo. Ila mwangalie fundi: bolti za bushi (mipira ya viungo vya sasipensheni) asizikaze gari likiwa kwenye jeki. Azikaze magurudumu yakiwa chini, la sivyo bushi zitachanika mapema. Kisha alaimenti ya magurudumu.